C ni ya Moto

Yenda, Australia, 20 Machi 1988

Mdogo wangu Tavio,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mvua ya huko Zeehan imekubakizia angalau kiatu kimoja kikavu. Sisi hatujambo. Tumemaliza kuchuma zabibu Jumanne iliyopita. Zile nyeusi za upande wa mfereji zimezaa vizuri, nyeupe wamekula ndege nyingi kuliko tulivyochuma sisi. Mama ametimiza miaka themanini na mitatu na bado anasonga ugali wa polenta kwa mkono mmoja huku ananikosoa kwa mkono wa pili. Anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula. Kwenye barua yako andika kwamba unakula.

Sasa nije kwenye lililoniketisha mezani. Ungekuwa na simu kama binadamu wengine ningekupigia, ila najua masikio yako yameliwa na pampu za mgodini, basi tuandikiane kama wazee wetu.

Koki ya bafuni inavuja. Siyo ya sinki, hiyo ningeimudu. Ni hizi mbili za hodhi la kuogea, zilizojengewa ndani ya ukuta, ambazo Baba aliziagiza kwao Treviso, Italia, mwaka 1958 akazisubiri miezi mitano kama bwana harusi. Inayovuja ni ya F. Mwanzoni ilikuwa tone moja kwa kila Salamu Maria. Sasa matone yanamshinda Mama mbio na rozari yake.

Na kwa kuwa F ya kwetu ni ya moto, kufika jioni tangi lote limepoa na tunaoga kama askari. Najua, najua. Kila Mtaliano tangu ananyonya anajua C ni caldo, moto, na F ni freddo, baridi. Kwetu ni kinyume, na kisa cha Gino Furlan unakijua, sitakirudia.

Wewe ndiye fundi bomba wa ukoo. Ungekuja wiki moja tu. Mwaka wa sita huu tangu tumzike Baba, na hata siku ile ulilala hotelini ukaoga huko huko, utadhani bafu letu lina upele.

Dada yako,
Ines


Zeehan, Tasmania, 9 Aprili 1988

Dada Ines,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake. Nakula. Jana nimekula kondoo, leo nitakula aliyebaki. Mvua imenyesha siku kumi na tisa, ya ishirini ikapumzika, tukaishangaa. Hongera kwa zabibu.

Kuja ni vigumu. Pampu hizi hazina mtu mwingine anayezielewa. Lakini kazi yenyewe ni ndogo, nawe una mkono mzuri kuliko vijana ninaopewa hapa. Fanya hivi. Funga valvu kuu, ile iliyo chini ya mtini. Ng'oa kile kifungo cha kaure chenye herufi, chini yake kuna skrubu, ifungue, kishikio kitatoka. Kisha nati kubwa, ifungue polepole kwa spana ya Baba, ukiweka kitambaa isikwaruze. Shina la koki litatoka lote. Mwisho wake utaona mpira mdogo mweusi uliokwisha. Utoe, weka mmoja wa hii miwili niliyotia kwenye bahasha.

Usiite fundi. Hasa usimwite anayependa kuvunja kuta. Ukuta hauna kosa lolote.

Ndugu yako,
Tavio


Yenda, 8 Mei 1988

Tavio wangu,

Tuko salama, na baridi ya kwanza imeingia. Mama kaota moto jikoni na kapokea salamu zako kwa kusema kondoo wa Tasmania hana ladha. Binti wa jirani amejifungua pacha. Mvinyo unachemka vizuri pipani, nimeuonja mara tatu kwa ajili ya uhakika.

Nilifanya kila ulichosema. Valvu kuu niliifunga, nati ikafunguka baada ya mimi kuining'inia, shina likatoka, mpira nikaweka. Ulichosahau kuniambia ni kuziba tundu la hodhi. Kifungo chenye F kilidondoka, kikazunguka mara mbili kikaingia tunduni. Sasa tuna koki ya C na koki isiyo na jina.

Ikakaa siku tatu haivuji. Ya nne, ndo, ndo, ndo.

Nikamwita fundi. Usiiweke barua chini, soma. Koki hizi hazitengenezwi tena popote, na mtu pekee mwenye vipuri vyake hapa Yenda ni aliyeachiwa banda la Gino Furlan. Ndiyo, ni Livio. Alikuja Jumatano na sanduku lake la zana, akavua kofia mlangoni. Mama alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake.

“Wewe Furlan gani?”

“Livio, mtoto wa Gino. Shikamoo Mama Argia.”

“Marahaba. Baba yako aliniunganishia moto kwenye F. Mume wangu kainamisha kichwa chenye sabuni, kafungua F apate maji baridi, katoka na kichwa chekundu kama nyanya. Rafiki yake huyo. Kijiji kimoja, meli moja, kitanda cha juu na cha chini.”

“Mzee anasema aliunganisha C moto, F baridi. Anasema hivyo kila Jumapili, Mama.”

“Kwa hiyo maji yaligeuka yenyewe?”

Livio akapiga magoti kwenye hodhi na tochi. Akasema si mpira. Kitako cha shaba ambacho mpira unakikalia kimetafunika, na kiko ndani kabisa ya mwili wa koki, nao umezikwa ukutani. Lazima utolewe wote, na ili utoke, vigae ishirini na vinne vivunjwe.

“Vigae hivyo kavipanga mume wangu kwa mikono yake,” Mama akasema. “Na koki kasema zisiguswe, zibaki hivyo hivyo ziwe shahidi. Furlan mmoja kaharibu nyuma ya ukuta, sasa mwingine anataka kuharibu mbele?”

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema tufanyeje ufa ukiwa ndani ya ukuta wenyewe.

Sasa nina swali. Chumba chako cha zamani kiko nyuma ya ukuta ule. Livio anauliza kama kuna namna ya kuingilia upande huo, asiguse kigae. Nimemwambia kuna lile kabati la kujengewa, na nyuma yake mbao na ukuta tu. Wewe ulilala humo miaka kumi na tisa. Unakumbuka chochote?

Livio alikunywa kahawa, akaondoka. Hakuna zaidi.

Ines


Zeehan, 2 Juni 1988

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama anaota moto bado na mvinyo haujaisha kwa uhakika wako. Huku mto umefurika ukachukua daraja la watembea kwa miguu. Mzee mmoja alikuwa upande wa pili akinunua tumbaku, amekaa kwa shemeji yake siku nne na sasa hawasalimiani. Nakula.

Kuhusu kitako kilichotafunika, dawa ipo. Nimekuchongea kifaa kwenye karakana ya hapa, nakituma kwa furushi. Unakiingiza pale shina linapokaa, unakizungusha taratibu kama unayesaga kahawa, na kitako kinakuwa laini tena. Fanya hivyo kabla mtu hajagusa vigae.

Ukuta siukumbuki. Ilikuwa zamani.

Uliandika kwamba Mzee Gino “anasema”. Bado yu hai, basi? Na mke wa Livio hajambo?

Tavio


Yenda, 26 Juni 1988

Tavio,

Salamu kutoka kwenye barafu. Asubuhi mizabibu yote ni myeupe na vidole vinakataa mkasi wa kupogolea. Tumechinja nguruwe Jumamosi, soseji arobaini na tatu zinaning'inia stoo. Mama alitia pilipili manga mwenyewe maana hamwamini mtu mwingine.

Kifaa chako kilifanya kazi siku kumi na moja. Nilikuwa nimeanza kujisifu kanisani. Ya kumi na mbili ikaanza tena, na safari hii maji hayatoki mbele tu. Ukuta unalowa kwa ndani. Livio amelala kifudifudi chini ya nyumba na tochi, anasema boriti ya chini ya hodhi imeanza kuwa laini kama mkate uliotiwa kwenye maziwa. Tumefunga maji ya bafuni. Mama anaoga kwa karai jikoni, mbele ya jiko, mwanamke wa miaka themanini na mitatu, na mimi nashikilia shuka ili asionekane dirishani. Halalamiki. Afadhali angelalamika.

Livio atakuja na nyundo tarehe mosi Agosti, hawezi kungoja zaidi. Mama amekwisha hamishia kiti chake bafuni. Ana rozari, ana blanketi, anasema atakayefikia kigae atapitia kwake.

Mke wa Livio alifariki miaka minne iliyopita. Nilikuandikia. Huwa unasoma barua zangu au unakaushia viatu?

Na Mzee Gino yu hai, ana themanini na sita, ila tangu Mei yuko kitandani kwa kifua. Livio anasema baba yake haogopi kufa. Anachoogopa ni kufa huku kuna nyumba moja duniani inayomwita mwongo. Padri alipokwenda kumpa komunyo alimshika mkono akamwambia, “C niliitia moto, Padri. Andika mahali.” Huyo ndiye baba yako wa ubatizo, Tavio, na hata kadi ya Krismasi hujawahi kumtumia.

Livio alikuja tena Alhamisi kuangalia unyevu, na Jumamosi alitusaidia nguruwe. Tulizungumza mambo ya zamani kidogo. Hayakuwa mengi.

Ines


Zeehan, 4 Julai 1988

Dada Ines,

Shikamoo. Usimsomee Mama barua hii kabla hujaimaliza peke yako.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kinachokuja si changu, ni cha mtu niliyemwachia abebe mzigo wangu miaka thelathini. Nimeianza barua hii mara sita. Nitaiandika upesi kabla sijaogopa.

Mzee Gino aliunganisha sawasawa. C ilikuwa moto, F ilikuwa baridi. Mimi ndiye niliyezigeuza.

Nilikuwa mwaka wa pili wa kujifunza ufundi mjini, unakumbuka, kwa yule bosi Mwaustralia. Siku moja alinifuata nyumbani, akaomba kunawa mikono; bafu lilikuwa jipya, saruji ya vigae haijakauka, hakuna aliyekwisha kuoga humo. Akafungua C. Kwa Kiingereza C ni ya baridi, dada, akaungua. Kesho yake alinicheka mbele ya wote: “Waitaliano hata maji hawajui kuyaunganisha. Mwambieni Tavio akamfundishe baba yake.” Walicheka wiki nzima. Nami niliona aibu kiasi kwamba sikukumbuka kuwa herufi ile ni ya neno letu, neno nililoambiwa na Mama kila siku aliponiogesha. Niliisoma kwa macho ya bosi. Nikaamini kabisa kwamba Mzee Gino alikosea.

Jumapili mlipokwenda wote kwa akina Furlan kula bata, mimi nikasema naumwa tumbo. Nikakata mbao za nyuma ya kabati langu, nikafungua mabomba, nikayapishanisha. Nilikusudia kumwambia Baba jioni, aone mwanawe amekuwa fundi. Lakini yeye aliingia kulizindua hodhi kabla sijafungua mdomo. Ule ukelele unaukumbuka. Kabla haujaisha alikwisha kulitaja jina la Gino.

Nilisimama koridoni nimeshika taulo. Siku ya kwanza niliogopa. Ya pili walikuwa wamekwisha kutukanana mbele ya kanisa. Wiki ya pili Baba alimrudishia Livio pete yako. Kila siku iliyopita iliifanya kauli moja kuwa nzito zaidi, mpaka nikaona ni rahisi kuvuka bahari kuliko kuisema. Hiyo ndiyo sababu sikuoga kwenu siku ya mazishi. Nisingeweza kuzishika zile koki.

Livio ungekuwa naye. Najua. Nimejua kila siku.

Sasa sikiliza la ufundi, hilo angalau naliweza. Kabati langu, toa droo ya chini. Nyuma yake kuna ubao uliopakwa rangi ya kahawia, una skrubu sita, vichwa nilivipaka gundi ya mbao na rangi. Zikwangue utaziona. Nyuma ya ubao kuna kila kitu, mwili wa koki zote mbili na mabomba yake. Livio aingilie huko. Hakuna kigae hata kimoja cha kuvunja.

Koki inatengenezeka. Mengine sijui.

Tavio


Zeehan, 1 Agosti 1988

Dada,

Leo ndiyo tarehe mosi. Sijui kama barua yangu ilifika kabla ya nyundo. Posta hapa wameshanichoka, naenda kila siku. Niandikie hata tusi.

T.


Yenda, 21 Agosti 1988

Tavio,

Salamu leo sina. Zikipatikana zitakuja chini.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili Julai. Niliisoma nimesimama, nikaitia kwenye kopo la unga, nikafunga kifuniko. Ilikaa humo siku tisa. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Tavio. Gauni la harusi lilikuwa limekwisha katwa, Mama akalifanya mapazia. Nimeyafua mapazia yale miaka thelathini, na wewe ulikuwa unajua, unaniandikia habari za mvua.

Haya, nimesema. Sasa nikueleze ulichokitenda na kilichotokea, kwa mpangilio.

Siku ya kumi nilimwita Livio, nikamkalisha jikoni, nikamsomea yote. Alisikiliza ameshika kikombe. Nilipomaliza akakiweka kikombe mezani, kahawa haijaguswa. Kisha akasema, “Twende tukafungue kabati.” Basi. Tukatoa droo. Akakwangua rangi, skrubu zikaonekana, sita kama ulivyoandika. Akaingia nusu ya mwili, miguu ikabaki nje, nikamsikia ananung'unika.

“Nini?” nikauliza.

“Katani.”

“Katani gani?”

“Iliyozibia maungio. Imezungushwa kinyume na uzi wa bomba. Baba angenizaba kofi kwa kazi hii. Hata mtu asiyejua kusoma angeona si mkono wake.” Kisha mwanamume wa miaka hamsini na minne akacheka ndani ya kabati lako mpaka akaanza kulia, nami nikakaa chini sakafuni karibu na viatu vyake. Ilikuwa nafuu kuliko chochote nilichosikia mwaka huu.

Jioni tulikwenda kwa Mzee. Livio aliniambia nisome mimi, yeye hawezi. Nikasoma. Gino alifumba macho nikadhani amelala. Halafu akasema: “Huyo nilimshika mimi kwenye maji ya ubatizo. Yalikuwa baridi kama kisu, hakulia. Nikasema huyu ataweza kunyamaza.” Akaomba suruali. Livio akamwambia daktari amekataza. Mzee akasema daktari hakuitwa mwongo miaka thelathini, na yeye anataka suruali.

Mama nilimwambia asubuhi yake, pale pale kwenye kiti cha bafuni. Nilijiandaa kwa kilio. Alizihesabu punje zote za rozari hadi msalabani. Ndipo akasema, “Mume wangu kafa na hasira isiyokuwa na mwenyewe.” Kisha: “Mlete Gino. Na nguo yangu ya bluu ipige pasi.”

Alikuja na blanketi mabegani, Livio upande mmoja, fimbo upande wa pili. Wakatazamana mlangoni.

“Argia.”

“Gino. Umezeeka.”

“Wewe hujambo. Naruhusiwa kunawa mikono kwako?”

“Nawa. Usiloweshe sakafu.”

Lakini maji hayakuwapo bado, kwa hiyo alikaa ukingoni mwa hodhi saa nne nzima akiamrisha kupitia ukutani. “Kulia. Kulia, nimesema. Katani ichane kwanza, siyo mkia wa punda huo.” Mama akiwa kwenye kiti chake akimwambia aache kumchanganya mtoto. Miili ya koki Livio ameitoa kwenye banda lao, ilikuwa ndugu wa hizi, imefungwa kwenye gazeti la mwaka 1957. Kifungo chenye F kilikutwa chini ya hodhi, kwenye mpindo wa bomba la maji machafu, kizima. Vigae vyote ishirini na vinne vipo. Boriti imebadilishwa. Mabomba yamerudi yalivyokuwa siku Gino alipoyaunganisha.

Livio akafungua valvu kuu chini ya mtini akapiga mbinja. Mzee akaizungusha C. Ikakohoa, ikatema kutu, halafu yakaja maji, na mvuke ukapanda. Aliweka mkono pale pale mpaka ukamshinda. Mama akampa taulo. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni.

Ungefikiri yameisha. Kesho yake alfajiri nikasikia ukelele bafuni. Nikakimbia. Mama anatikisa mkono uliopigwa na maji ya moto. Miaka thelathini anafungua C apate baridi, mkono wake haujasikia habari. “Furlan!” anapiga kelele. “Kaniunganishia kinyume tena!” Nikamweleza. Hakusikia. Akaenda kwenye simu kwa gauni la kulalia, akampigia Gino, akamtukana yeye, banda lake na bata wao wa mwaka 1958. Nusu saa. Kutoka jikoni nilimsikia Mzee upande wa pili akicheka mpaka anakohoa. Tangu siku hiyo anampigia kila siku saa tatu asubuhi. Daktari anasema kifua cha Gino kimepungua, hajui ni dawa gani.

Livio ameniletea ile pete. Ilikuwa kwenye kopo la mipira ya koki, na anasema marehemu mkewe alijua ipo humo, akawa anaifuta vumbi. Sijamjibu. Nina miaka hamsini na miwili, sina haraka. Na wewe nitakusamehe kwa mwendo huo huo, usinisukume.

Mzee Gino anasema anamtaka mtoto wake wa ubatizo. Ana kofi moja la kumpa, kwa ajili ya katani. Lile jambo lingine anasema limeshaisha.

Salamu zimepatikana. Mama hajambo, soseji zimekauka vizuri, mlozi umechanua. Unakula?

Ines


Zeehan, 5 Septemba 1988

Dada Ines,

Shikamoo. Nakula, ingawa barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyokula.

Nakuja. Nitapanda meli hadi Melbourne tarehe ishirini na nane, kisha basi. Pampu nimemwachia mtu. Imebainika wako watatu wanaozielewa. Sitalala hotelini. Nataka chumba changu, na kabati lake hata kama ubao umeachwa wazi.

Kofi nitalipokea. Mwambie Mzee asilipunguze kwa sababu ya kifua. Mama nitamwomba msamaha mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, na kwenye kaburi la Baba nitakwenda kabla ya kula. Wewe sikusukumi. Nitasimama tu mahali utakaponiona.

Ila nieleze kitu kimoja kabla sijaingia bafuni, maana safari ni ndefu na nitafika mchafu. Kwa Mama anavyolalamika, na Livio alivyo mpole, na Gino alivyo mbishi, sina hakika kama mabomba hayajageuzwa tena. Siku hizi C ni nini?

Tavio


Yenda, 14 Septemba 1988 (kadi)

Mdogo wangu,

Sote wazima. Livio nimemjibu, nimesema ndiyo, njoo na suti. Mapazia nimeyashusha, Mama anatafuta mkasi.

Kuhusu C, njoo uungue mwenyewe.

Ines